Kiti cha Pikipiki ya Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya pekee kwa huo mguu uliopasuliwa. Kaka ametuambia kwamba sasa unatembea na fimbo kutoka kitandani hadi barazani kwake, na kwamba unagombana na muuguzi kuhusu chumvi. Tulifurahi, maana mgonjwa anayegombana anapona. Mama hajambo, anakusalimu sana. Ukiniuliza mimi, adabu inanitaka nijibu kwamba ni mzima. Basi ni mzima kuanzia magotini kwenda chini. Kwingine kote nina malalamiko, na ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Habari ya kazini unaijua nusu tu. Miaka kumi na mmoja nimesoma mita za maji kwa miguu, na hakuna mwenye nyumba aliyewahi kulalamika kwamba nimechelewa. Sasa mkubwa wetu amebandika tangazo: kila msoma mita awe na leseni ya pikipiki kabla ya mwezi kwisha, na asiyekuwa nayo atahamishiwa chumba cha mafaili. Wewe hukijui chumba hicho. Kina dirisha moja, nalo limezibwa na kabati. Mwanamke anayefanya kazi humo aliingia akiwa mcheshi kupita sisi sote. Siku hizi ukimsalimu anashtuka. Mimi ni mtu wa kutembea, Baba. Namjua mbwa wa kila ua na bomba linalovuja kwa kila jirani, na sitaki kuzeekea humo ndani nikipanga karatasi za watu waliokwisha kuhama.

Nilipokuomba pikipiki yako ya kujifunzia ulinipa, na nashukuru. Lakini ulinipa na sharti lake, kwamba nisiguse kitu. Ulisema mbele ya Kaka kuwa pikipiki haibadilishwi kumfuata mtu, ila mtu ndiye hujizoesha. Ukasema wewe uliipanda miaka ishirini na tisa vile vile ilivyotoka dukani na hukuumwa hata ukucha, na kwamba anayelalamikia kiti amekosa moyo. Kaka akaitikia kwa kichwa, yeye ambaye hata sofa humuuma mgongo.

Mwalimu wetu wa udereva tumempa jina la Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno analotupigia kelele tangu asubuhi. Tunafanyia mazoezi kwenye kiwanja cha nyuma ya ghala la saruji. Siku ya kwanza niliachia klachi kwa pupa, pikipiki ikaruka na kuzimika, ikaruka na kuzimika, mpaka walinzi wa ghala wakaleta viti vyao nje. Hilo nakubali, lilikuwa kosa langu, na siku ya tatu nilishalizoea. Kilichonishinda ni kusimama. Nikiwa juu ya kile kiti, ardhi naigusa kwa ncha za vidole tu. Penye tambarare naponea hapo hapo. Penye mteremko nabaki nikimwomba Mungu. Siku ya nne nililala nayo ubavuni mbele ya wanafunzi wanane, kioo cha kushoto kikapasuka, na Taratibu akaniuliza kwa nini nimeamua kupumzika.

Na maumivu, Baba! Viganja vinakufa ganzi hadi jioni nashindwa kufunga vifungo vya blauzi. Kiuno kinawaka. Kiti kimeinama mbele, kwa hiyo kila nikifunga breki nateleza hadi kwenye tangi la mafuta, na kofia yako ngumu, iliyo kubwa kwangu, inanishukia machoni. Kuhusu sehemu ninayokalia, nisamehe kuitaja kwako, lakini wiki mbili sasa nakula nimesimama.

Taratibu aliniambia mapema kwamba kiti kipunguzwe na usukani usogezwe nyuma kidogo, ni kazi ya saa moja. Mimi nikamjibu kwa maneno yako, tena kwa kiburi, kwamba kwetu pikipiki haibadilishwi. Akacheka, akasema basi niendelee kufa kishujaa. Nikajikaza kisabuni. Ijumaa iliyopita nikaenda kwenye mtihani, nikaanguka pale pale pa kusimama mlimani, na mkaguzi akaandika kwamba siwezi kuidhibiti pikipiki hata ikiwa imesimama. Karatasi hiyo ilisomwa ofisini. Nimepewa nafasi nyingine Ijumaa ya wiki ijayo, na baada ya hapo mwezi umekwisha.

Sasa kaa vizuri, Baba, uegemeze mguu. Nimevunja sharti lako. Jumanne nilifungua boliti mbili, nikakitia kiti kwenye gunia kama mwizi wa kuku, nikakipeleka kwa fundi wa makochi ili akipunguze vidole viwili. Fundi akakigeuza, akang'oa pini, akavua ngozi. Akaniita nisogee nione. Akasema kiti hiki kilishakatwa zamani, tena kwa kisu cha jikoni, na sponji iliyotolewa haikuwa ndogo. Pale mbele palijazwa kitambaa kilichokunjwa na kushonwa kwa mkono, ili mwenye kukalia asiteleze, ila kwa miaka kilikuwa kimebonyea kikawa bapa. Nilikivuta kile kitambaa. Kilikuwa kipande cha blanketi la rangi ya chungwa.

Nilikuwa na miaka saba lile blanketi langu lilipopotea. Mlinisuta wiki nzima eti nimelisahau kwenye kamba. Nililia hadi nikapata homa!

Nilirudi nyumbani nimekishika kile kipande mkononi, nikakiweka mezani mbele ya Mama. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mama alicheka hadi akakaa chini, kisha akafuta machozi na kunieleza yote. Kwamba ulipoinunua pikipiki ulianguka nayo mara tatu katika wiki ya kwanza, na watu ukawaambia ni utelezi. Kwamba wiki ya pili uliingia jikoni na kiti ndani ya gunia, ukafunga mlango, ukamwapisha. Amekaa na kiapo hicho miaka ishirini na tisa, Baba, na wanao wawili walionitangulia wakajifunzia juu ya blanketi langu huku wakijisifu kwamba wana moyo.

Nimekasirika. Nimekasirika kuliko nilivyowahi kukasirika nawe, na naandika hivyo kwa heshima zote. Kuumwa si aibu, na kukata kiti si dhambi. Kinachoniuma ni kwamba uliniacha wiki tatu nikiamini kasoro ni ya mwili wangu, na kidogo nifungiwe kwenye chumba kile kwa sababu ya jambo ulilolimaliza wewe mwenyewe kwa kisu cha kukatia vitunguu.

Fundi alikipunguza vile vidole viwili, na kiti sasa kimekaa sawa. Jana nilisimama mlimani mara sita, nyayo zote mbili chini, na Taratibu akaenda kumpigia kelele mwanafunzi mwingine. Lakini usukani sijaugusa bado, na viganja vinakufa ganzi vile vile. Nilimuuliza Mama, akasema habari za kiti alizijua, ila za mikono hakuwahi kuambiwa. Anachokumbuka ni kwamba kila jioni ulikuwa ukiomba maji ya moto kwenye beseni, ukienda nayo nyuma ya nyumba, ukisema unatoa grisi mikononi.

Msalimie Kaka na shemeji na watoto. Barua hii msomee Kaka kwa sauti, usiruke mstari. Mama anasema ule chakula chako hivyo hivyo bila chumvi, na muuguzi umwache.

Nijibu kabla ya Ijumaa hiyo ya mtihani, Baba. Ya moyo usiniandikie. Niandikie ya mikono: ilikuuma wapi, na ulifanyaje.

Ni mimi binti yako,
kitindamimba