Nyama Inayoota Mguuni kwa Baba

Kaka Masanja,

Mwangaluka. Najua barua yangu ikifika Kimali unawaita wote wakae, unawasomea kwa sauti. Hii usifanye hivyo. Ingia ndani uisome peke yako kwanza. Mimi mwili mzima, roho ndiyo mgonjwa. Wewe, mama yetu Mayu na wifi hamjambo? Mvua imewafikia?

Barua yako niliipata juzi. Umeandika kwa furaha kwamba kidonda cha Baba, kile cha pale alipoungua mimi nikiwa mchanga, hatimaye kinaota nyama, kingo zimenyanyuka, na mmechinja kondoo kushukuru. Ukaniandikia na maneno yake mwenyewe: "Wabeja, asante, Minza. Mwambieni mwanangu mguu umepona." Kaka, nilikaa chini kwenye sakafu ya maabara nikalia mpaka wazungu wakaja kuniuliza nani amekufa.

Unajua huku ninasomea seli, vile vijumba vidogo vinavyoujenga mwili. Ndani ya kila seli mna nyuzi, na kila uzi umefungwa ncha, kama ulivyokuwa ukifunga mwisho wa kamba ya ndama isifumuke. Ncha hizo wanaziita telomea. Kila seli inapojigawa ili kuziba jeraha, ncha inapungua kidogo. Ikiwa fupi sana, seli inatakiwa ikome. Sasa fikiria mguu wa Baba: miaka yote hii unafunga, akiingia kwenye pamba unachubuka, unafunga tena. Ncha zimeliwa. Nyuzi zisizo na ncha zinanasana na kukatika ovyo, na katika vurugu hiyo seli moja inaweza kupata njia ya kujifungia ncha upya, ikawa haichoki kuzaana. Hiyo ndiyo saratani. Inaanza kimyakimya, na kwenye kidonda cha zamani inaweza kuonekana hivyohivyo ulivyoeleza. Mmemchinjia kondoo adui, kaka.

Sijakiona kwa macho. Huenda nimekosea, na namwomba Mungu niwe nimekosea, nichekwe kijiji kizima. Lakini mpeleke hospitali Bariadi, wakate kipande kidogo tu kikapimwe. Usiniambie mnangoja wanunuzi wa pamba. Tangu soko liachiwe watu binafsi wanakuja wanapotaka, na ugonjwa huu haungoji msimu. Uza yule ndama wangu mwekundu. Ikiwa ndiyo yenyewe na bado haijasambaa, inakatwa, anapona. Ikishasambaa, nitarudi kuzika.

Hapa najua kutaja ugonjwa kwa jina lake lote, na siwezi hata kumshika Baba mkono. Silali, kaka. Nimechoka kujua.

Msalimie Mayu, mwambie aoshe kidonda kwa maji ya uvuguvugu tu, zile dawa za mizizi za kukwangua aache. Msalimie wifi, nilisikia amejifungua salama. Na mama yetu mdogo wa Mwamanyili, asinisahau kwenye sala.

Baba atakataa. Atasema mtoto amesoma mpaka kachanganyikiwa. Basi hapo ndipo uwaite wote wakae, umsomee haya kwa sauti:

Baba, moto uliposhika nyumba ya nyasi nami nimo ndani, hukungoja upungue. Usiningojeshe mimi. Nenda.

Mdogo wako,
Minza