Injini Isiyo ya Pikipiki Yako

Kwamsisi, Handeni,
11 Juni 2024.

Mpendwa kaka Abdi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mpanda, na kile kifua kimeacha kukusumbua. Sisi hapa tunaamka salama. Mama miguu inamruhusu kufika shambani na kurudi, na mahindi mwaka huu yamebeba vizuri.

Nakuandikia juu ya pikipiki yako. Ulipoondoka ulimwachia shemeji Sadala afanyie bodaboda, ili dada Maryamu na watoto wasikwame, na kadi ukaniachia mimi. Mwezi wa nne Sadala alisema imeharibika, iko kwa fundi Makuyuni. Kila nikiuliza ina ugonjwa mpya: leo klachi, kesho kabureta. Wiki ya tatu ikarudi inang'aa, inawaka kwa kiki moja. Wewe unajua ile pikipiki ilivyokuwa ikibembelezwa asubuhi.

Hapo roho yangu ikakataa kutulia. Nikaanza kumwangalia Sadala. Kijiweni kwa wenzake hakuegesha tena. Jirani yetu Grasiana, aliyepakiwa naye kwenda Korogwe, alinieleza kuwa walipowaona trafiki mbele, shemeji alikata kona wakapita mashambani mwa watu.

Sadala alipolala na homa, nikamwomba dada ufunguo. Nikasema nampeleka mama kliniki. Nilidanganya, wala sijutii. Nikavaa kofia ngumu, nikaiendesha mwenyewe kama ulivyonifundisha, hadi Korogwe kwenye duka la spea la Pradip, yule niliyesoma naye.

Pradip alichuchumaa na kadi mkononi, akafuta mafuta kwa kitambaa, akalinganisha namba.

"Chesisi ndiyo yenyewe," akasema. "Injini siyo. Tazama, namba imekwanguliwa kwa tupa. Mwanaidi, usirudi barabarani na kitu hiki."

Kaka, niliichukua kadi nikaisoma tena. Kadi ile ina jina lako, si la Sadala. Pikipiki niliiacha dukani kwake nikarudi kwa basi.

Nilipomweleza Sadala, alinifokea kitandani pale pale, eti mwanamke anajua nini kuhusu injini. Dada akanitoa uani kwake. Nikawaambia nitakwenda polisi peke yangu.

Baada ya siku mbili shemeji akaja nyumbani, akakaa mkekani mbele ya mama. Alisema injini yako ilikufa kabisa, na hii aliipata kwa mtu wa mnadani ambaye hata jina halijui. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Alimwambia tu, "Vaa viatu, uende na Mwanaidi."

Tukaenda. Askari waliifuata pikipiki dukani kwa Pradip; injini imezuiwa kituoni, na kuna mtu wa Handeni mjini aliyeibiwa pikipiki ameitwa kuja kuitazama. Sadala yuko nje kwa dhamana. Dada Maryamu hajaitikia salamu yangu mpaka leo, nami hilo linaniuma.

Pale kituoni askari aliniuliza kama mwenye pikipiki alijua. Nikajibu hakujua, bila kusita, nikatia sahihi.

Tulipokuwa njiani kurudi, Sadala akaniambia, "Muulize kaka yako. Nilimpigia. Alisema nitafute injini popote, ila nisimwambie imetoka wapi."

Nikamwita mwongo. Lakini nimekupigia mara nne tangu siku hiyo. Simu inaita, hupokei. Nikimwomba mama akupigie, unapokea na kuuliza habari za mahindi. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mama anakusalimu sana. Haya ya mwisho sijamwambia. Shangazi Hamisa anakusalimu, na Grasiana pia. Mwenyezi Mungu akulinde kazini, akupe afya na moyo wa kusema kweli.

Nijibu kwa mkono wako, kaka. Ulijua, au hukujua? Karatasi ya kituoni ina sahihi yangu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda,
Mwanaidi.