Mwanangu Aliniigiza Mbele ya Kijiji

Jumatano. Mvua inanyesha tangu alfajiri, nguo hazikauki, na mimi sina pa kutokea.

Zaituna, ukurasa huu ulinifungulia mwenyewe kwenye simu, ukasema, "Mama, andika humu yaliyo moyoni." Basi naandika. Shule yangu unaijua ilipoishia, makosa utayavumilia.

Baba yako mzima, anakusalimu. Bibi Atija anakusalimu sana, macho yake ndiyo yale yale, anauliza kama huko Maputo unapata samaki. Dada yako Fatima anakusalimu, na mwanawe, sasa anaota meno, kila kidole anang'ata. Shangazi Mwanacha anakusalimu, mguu umepungua uvimbe. Mbuzi naye kazaa. Wote wazima, wote wanakusalimu.

Mimi sikusalimii. Nina hasira.

Tangu Jumapili ninayo kooni kama mwiba wa samaki, tonge haliuteremshi.

Likizo ile ulipokuja, ulinifuata kila nilipokwenda. Nikisaga kijiti cha msiro kwenye jiwe nijipake urembo usoni, unaniangalia. Nikitoka shamba, "Mama, hebu tembea tena." Nilikuwa nacheka, nikiwaambia majirani mwanangu anasomea teatro, michezo ya kuigiza, chuo kikuu, mimi ndiyo kitabu chake. Ukanieleza mnavyofundishwa: mtu usimwige mdomo tu, uchukue uzito wake, ujue anaumwa wapi.

Ukaniuliza, "Mama, unaumwa wapi?"

Nikakwambia goti. Halafu nikakwambia Sefu.

Ndugu yako Sefu hukumjua, alikufa kabla hujazaliwa. Kaburi lake liko kule kwenye minazi, ndani ya ardhi wanayoitaka watu wa kampuni ya gesi. Sikatai kuhama. Sijakataa hata siku moja! Nilisema barazani: kwanza tuwahamishe wafu wetu wenyewe, kwa mikono yetu na dua, ndipo mtuhamishe sisi. Wanawake wenzangu wakanichagua nikaseme hivyo Jumamosi hii, watu wa gesi wakija kutusikiliza.

Jumapili mkaja nyinyi wa chuo, na gari la hao watu wa gesi, na profesora wenu, mtuchezee mchezo wa kuhama.

Akatoka mwanamke uso mweupe kwa msiro, anavuta goti, kila akitaka kusema anakaza kwanza fundo la kapulana yake kiunoni. Nilicheka. Wallahi nilicheka kabla ya wote. Nikamsukuma Fatima, "Nani huyo, jamani?" Fatima akaangalia chini.

Ndipo nikajijua.

Yule mwanamke wako analikumbatia kaburi, kamasi zinamtoka, hataki kusikia la mtu. Wanamwonyesha nyumba ya bati na bomba la maji. Mara kaburi kalisahau, anacheza ngoma, anawapiga wenzake vikumbo awahi ufunguo wa nyumba. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Na ulicheza vizuri. Hilo ndilo linaloniua. Ungecheza vibaya, nani angenitambua?

Nilikufuata nyuma ya gari. Ukanishika mikono, msiro bado usoni, ukasema, "Mama, yule ni mhusika tu, si wewe. Mwisho ule aliutaka profesora, kasema watu waondoke na furaha."

Mhusika? Mhusika alimzaa Sefu? Mhusika alimwosha?

Nilikupa mwili wangu ujifunzie, Zaituna. Sikukupa uwape watu wa gesi.

Mkapanda gari mkaenda zenu. Mimi nimebaki na kijiji.

Jana kisimani, ndoo sijaitua, mmoja kaanza: "Mama Zaituna, ufunguo umeshaupata?" Mwingine kadakia: "Mwacheni, anapumzisha goti, Jumamosi ana ngoma!" Nikacheka nao, ningefanyaje. Nikikaza kapulana tu, wanaangua kicheko. Sasa hata kujifunga nguo naona haya.

Kicheko nakiweza. Lakini Somoe, rafiki yangu, akanivuta kando, wala hakutania. "Dada, aseme mwingine. Ukisimama wewe watacheka, na maneno yetu yatapotea humo humo."

Huyo mwingine ni nani? Wote wanaogopa. Jumamosi ikipita kimya, watakuja na mashine zao, watamchimbua mwanangu kama muhogo.

Sikulala. Nimefikiri, nimekutukana, nimekulilia, nimefikiri tena. Nitasimama mimi. Msiro nitapaka, kapulana nitaikaza, goti nitalivuta, maana sina lingine.

Ila mdomo unanikauka nikiwaza vile vicheko. Wewe umesomeshwa kusimama mbele ya watu. Kwa hiyo pamoja na hasira yangu yote nakuuliza, na sina mwingine wa kumuuliza: watu wakishaanza kumcheka mtu kabla hajafungua kinywa, anafanyaje mpaka wanyamaze wamsikilize? Anangoja? Anapaza sauti? Anamtazama nani?

Niletee jibu upesi, mwanangu. Jumamosi asubuhi wanafika.