Kiganja kwenye Mlango wa Abiria

Jumapili, 3 Agosti

Maji kwanza. Kila mara maji kwanza, mengi, vumbi literemke lenyewe. Halafu povu, halafu kitambaa laini, kwa mstari mmoja kama pasi kwenye suruali. Si kuzungusha. Vile vibao vyeusi vya plastiki kati ya vioo vya milango, vinavyong'aa kama kiatu cha askari, havitaki mchezo. Ukivipangusa vikiwa vikavu, vumbi letu jekundu linavikwaruza. Mimi, fundi cherehani mzima, nilivipangusa kwa kipande cha khaki gari langu lilipofika. Mpaka leo jua likipiga utadhani buibui amehamia.

Gari lilikuwa chini ya turubai tangu tumzike Mama Neema, msimu wa korosho uliopita. Leo nimelifunua. Jumamosi linambeba Neema kanisani, kule Newala. Mwanangu wa pekee. Kasema hapandi gari la mtu mwingine. Nikalia kidogo, nikasingizia sabuni.

Bi Somoe, muuza vitumbua wa ng'ambo ya barabara, hakuniacha. "Fundi, hilo gari unalitolea mahari lini?" Nikamjibu limekataa, halitaki wanaume wenye vitambi.

Jumatatu, 4 Agosti

Asubuhi umande. Nimetoka na mswaki mdomoni. Kwenye kibao cheusi cha mlango wa abiria, mbele, kuna kiganja. Umande umetanda kote ila pale. Vidole vinne, dole gumba pembeni. Kidole cha shahada kimepinda.

Cha Mama Neema kilipinda. Mlango wa ghala ulimbana akiwa mtoto, kwao Lulindi.

Nimemeza dawa ya meno.

Jua lilipopanda kikapotea. Nimeosha. Nimepiga polishi. Nikajiona mle ndani, tumbo na yote. Safi kabisa.

Jumanne, 5 Agosti

Kimerudi. Palepale.

Nimemwita Bi Somoe aje aangalie. Sikumwambia aangalie nini. Nilitaka aseme ni maji tu, anitanie, aondoke. Aliinama, akakisogelea. Kisha: "Huu mkono wa Mama Neema." Akarudi kwenye kikaango chake. Vitumbua vilikuwa vimeungua.

Naogopa. Niandike wazi, hakuna anayesoma. Namwogopa mke wangu, mtu aliyenikatia kucha za miguu kitambi kiliponizuia kuzifikia. Mchana nimemshonea mteja suruali yenye mguu mmoja mfupi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeelewa nikiwa kwenye cherehani, uzi umekatika, naupenyeza upya.

Siku tuliyompeleka hospitali alikuwa uani anabangua korosho. Alizichoma mwenyewe, akagonga maganda kwa kigongo chake. Yale mafuta meusi ya ganda yanababua ngozi. Kila msimu vidole vyake viliambuka kama kiazi cha kuchemsha. Kwa kawaida alijipaka majivu kabla ya kuanza, na akimaliza alisugua mikono sana. Siku hiyo tumbo lilimkata katikati ya kazi. Hakunawa. Aliegemea mlango wa gari kwa kiganja, akavuta pumzi, ndipo akaingia. Baada ya mazishi nikatupa turubai juu ya gari. Miezi yote hiyo mafuta yalikuwa yanakula plastiki taratibu.

Kwa hiyo si uchafu. Ni jeraha. Sabuni haiwezi. Polishi inaziba tu, umande unafichua.

Nilidhani nikishajua nitaacha kuogopa. Wapi. Nguo zake dada zake waligawana arobaini ilipofika, kama ilivyo desturi, kanga zote, hata ile ya kushikia sufuria. Sikununa, ni haki yao. Lakini hiki hawakukiona. Hiki kimebaki kwangu.

Jioni simu, Mama Aneth, dada mkubwa wa marehemu. Neema anakaa kwake. Bi Somoe ana simu, na ana mdomo.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Baba Neema, nasikia mdogo wangu yuko kwenye mlango wa gari lako."

Nikaeleza korosho, mafuta, plastiki. Nilieleza vizuri, kama mwalimu wa sayansi.

"Mimi sikuulizi limetokeaje. Bibi harusi hapiti mkono wa maiti kwenda kuolewa. Utoe. Ukishindwa, mwanangu atapanda bodaboda na shela lake, watu wacheke mpaka Mtwara."

"Neema anajua?"

"Nimemwambia. Amenyamaza tu."

Amenyamaza. Basi ameogopa, kama baba yake.

Alhamisi, 7 Agosti

Kipo tena leo. Nimejaribu kukipiga picha kwa simu. Plastiki inang'aa mno. Inatoka sura yangu, simu, na kilima nyuma yangu. Mkono hautoki. Nimerudia upande huu, upande ule, nimepiga magoti, nimechafua suruali. Bi Somoe ananiangalia wala hanitanii. Afadhali angenitania.

Nimenunua msasa wa maji, ule laini kabisa, na kompaundi ya kung'arishia. Viko mezani karibu na mkasi. Nilitaka kumpigia Neema. Nimwambie nini? Mwanangu, niruhusu nimwache mama yako mlangoni? Siku yake ni moja. Sikupiga.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima, watu hawapo. Nimefunga duka.

Nilisubiri mpaka jua likakausha umande. Sikutaka kukiona wakati nakitoa. Kosa. Kwa kutokukiona ilibidi nikikumbuke, na mkono wangu ulijua kila kidole kilipo.

Msasa kwenye maji yenye sabuni. Kugusa tu, bila kukandamiza, kuelekea upande mmoja. Mng'ao unakufa, plastiki inakuwa ya kijivu kama ubao wa shule. Hapo mtu anaweza kulia akidhani ameharibu. Nilianza na kiganja. Kile kidole kilichopinda nikakiacha mwisho. Nikaweka msasa chini. Nikanywa maji. Nikauchukua tena.

Halafu kompaundi, polepole, kitambaa safi, kingine safi. Weusi ukarudi. Nikanyunyiza maji kujaribu. Yametanda sawasawa.

Kimekuwa kibao kizuri kuliko vyote kwenye gari. Nimemfuta mke wangu ili binti yangu apande. Ndivyo ilivyo, wala sitaki kuipamba.

Jumamosi, 9 Agosti

Newala ukungu. Saa nne asubuhi na bado huoni nyumba ya pili. Vigelegele vinasikika, wapigaji hawaonekani. Suti yangu niliishona mwenyewe. Kifungo cha tumbo kiligoma kabla hatujatoka.

Neema alitoka kwa mama yake mkubwa, shela jeupe, mzuri mpaka nikakosa pa kuweka mikono. Nilikuwa nimemwekea tayari mlango wa nyuma. Akaupita. Akaenda mbele, mlango wa abiria, akainama, akapulizia pumzi kile kibao. Haa. Ukungu mdogo ukatanda juu ya weusi, duara, hauna kitu. Akapulizia tena, chini kidogo.

"Baba, kiko wapi?"

"Nimekitoa, mama. Tulidhani unaogopa."

"Nani alisema naogopa?"

Mama Aneth akaangalia viatu vyake. Mimi vyangu.

"Nimekisubiri tangu Jumatano," akasema. "Nilitaka niweke changu juu yake kabla sijaingia."

Hakulia. Ingekuwa nafuu. Aliingia nyuma, akakusanya shela, nikamfungia mlango. Njiani sikuweza kuangalia kioo cha ndani. Kanisani alisema "ndiyo" kwa sauti ya mama yake. Kwenye sherehe alinivuta kucheza, nikacheza kama jogoo aliyekanyaga kaa la moto, akacheka. Amenisamehe, nadhani. Sijui. Sikuuliza.

Jumatatu, 11 Agosti

Masasi, nyumbani. Nimeamka mapema, nikatoka moja kwa moja kwenye gari. Umande mwingi leo. Umekaa kwenye boneti, kwenye vioo, kwenye vibao vyote, sawasawa, kama mtu ameupima.

Sikuogopa hata kidogo.

Nilisimama pale mlango wa abiria mpaka jua likaukausha wote.