Si Kasiksi ya Mama Riziki

Mama,

Kuna kitu sijaambia muntu yeyote, hata Papa: kichwa kinaniuma mimi pia. Kinaanzia nyuma ya jicho la kushoto, kama chako. Kikija naenda nyuma ya jiko, najifunga kitambaa chako, nakaza. Unakumbuka ulivyokuwa unaniita nikufunge? "Kaza, Asifiwe. Kaza tena! Mikono hii inaogopa hata kichwa cha mama yake?" Nilikuwa nacheka.

Sinyamazi kwa aibu, ile aibu yangu unayoijua. Nanyamaza kwa sababu ya watu wa hapa nyumbani. Wananitia kinyaa, Mama. Niache niseme.

Siku ile uliposhika kichwa na kulia kwa nguvu pale Kashebere, ulikuwa umetoka kunywa kasiksi kwa Mama Riziki. Alionja kwanza mbele yako, kama kila muntu anayeuza pombe ya ndizi anavyofanya ili mugeni asiogope sumu. Wote waliona. Lakini Papa mudogo, ndugu ya Papa, akasema: "Ni karuho! Anafichaka sumu mu kucha, anaiweka kisha ya kuonja!" Wakaleta majani ya kutapisha. Ulikuwa tayari unatapika wewe mwenyewe, wakakufungua meno na kijiko, wakamimina. Halafu Papa mudogo akachukua kijiti, akakoroga beseni, watu wameinama juu yake kama wanatafuta dhahabu. "Njo hii! Muone!" Ilikuwa sombe, Mama. Majani ya muhogo niliyopika mimi asubuhi. Harufu ya yale majani bado iko puani mwangu.

Pikipiki ilipokufikisha Masisi, na gari Goma, ulikuwa hujui tena jina langu.

Daktari alionyesha picha ya skana akiongea Kifaransa, na mimi ninayeogopa hata kusoma mbele ya darasa, mimi njo nilitafsiria Papa na ndugu yake. Chini ya ubongo mishipa ya damu inaungana kama duara, ili upande mumoja ukikosa damu, mwingine uusaidie. Lakini si watu wote wanazaliwa na duara kamili. Kwako tawi moja lilikuwa jembamba kama uzi. Damu ikapita kwa wingi upande wa pili, miaka yote, ikisukuma pale mishipa inapogawanyika, hadi ukuta ukavimba kama mupira wa ndani wa pikipiki unavyotoa kinundu. Kwa Kifaransa wanaita anevrisme. Kikapasuka. Wengi wana tawi kama lako na wanazeeka salama, alisema. Lakini kwa kuwa Koko, mama yako, naye alianguka hivyo hivyo shambani, watoto wapimwe, na kichwa kikiuma wasingoje.

Nilitafsiri yote. Papa mudogo akanicheka: "Mushipa ipasuke yenyewe? Masomo imekuharibu, mutoto." Papa alikuwa anaangalia viatu vyake tu.

Tangu tukuzike, Mama Riziki hauzi tena. Walibomoa kibanda, wakamwaga kasiksi barabarani, na wale waliokuwa wanamwita dada njo wanatema mate akipita. Juzi mutoto wake alimupa Papa mudogo mukono, naye akaenda kunawa na majivu. Kisha akaketi, akaanza kumega bugali na mikono ile ile iliyokoroga matapishi yako. Nikaacha sahani nikatoka.

Nikisema kichwa kinaniuma, watasema Mama Riziki amenifikia na mimi. Wataleta majani. Watamufuata na fimbo, ao panga. Nikinyamaza, labda kitapasuka. Nakaa darasani na hayo mawili, prof ananiuliza, sijibu, wanadhani ni aibu yangu tu.

Nimechoka. Nimewaogopa hadi nimeanza kujichukia.

Papa amerudi kutoka shambani, nasikia anakung'uta tope kwenye buti. Kila akikaribia nasukuma karatasi hii chini ya mukeka. Leo naiacha mezani. Atasoma polepole, na akifika hapa atajua kwamba nataka kupelekwa Goma, sitaki majani. Na ndugu yake akienda kwa Mama Riziki, atanikuta nimesimama mulangoni kwake, na nitaongea kwa sauti.

Pumzika, Mama yangu, kichwa kisikuume tena. Nakuahidi kifo chako hakitakuwa fimbo mukononi mwa muntu.

Mulango unafunguka. Siifuniki.