Mshumaa Hutangulia

Jumanne, 3 Machi

Babu kavunjika mguu, yuko kwa shangazi mpaka apone. Funguo zote sasa anazo baba mdogo. Jumamosi wageni wanakuja kuonja mvinyo wetu — ziara ya kwanza kabisa! Baba mdogo ametia taa za umeme mpaka ghala la chini, zile ndogondogo kama za harusini. Matundu ya hewa ameyaziba kwa saruji, ati nzi wasisumbue wageni. Kupendeza, pamependeza. Ila mapipa mapya bado yanachachuka. Ukitega sikio unayasikia yakinong'ona.

Msimu kama huu babu huwa haruhusu mtu kushuka bila mshumaa. Mshumaa hutangulia, mtu hufuata. Nimetazama msumarini, kinara chake hakipo.

Alhamisi, 5 Machi

Nimekikuta kinara kwenye takataka. Nimekiosha. Baba mdogo alipokwenda dukani na kuacha mlango wa ghala wazi, nikakifunga kamba, nikakiteremsha taratibu kutoka juu ya ngazi. Mshumaa uliwaka vizuri. Ulipobakiza kama mita moja kufika sakafuni — ukazima. Nikauwasha tena. Ukazima palepale. Taa za baba mdogo zikaendelea kung'aa kana kwamba hakuna neno. Hizo taa ndizo zinazonitisha zaidi.

Mwalimu wa kemia alitufundisha: zabibu zikichachuka hutoa kabonidioksaidi. Nzito kuliko hewa. Hutuama chini kama maji, na haionekani.

Nimemwambia baba mdogo. Amecheka. Eti mishumaa ni ya misibani, na yeye hushuka kila siku, mbona hajafa? Lakini wiki nzima analalamika kichwa kinamuuma. Anasema ni makelele ya mafundi.

Ijumaa, 6 Machi

Nimempigia babu simu. Amenisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema, "Mshumaa ukizima, mjukuu wangu, usibishane nao."

Alitaka kuzungumza na baba mdogo. Baba mdogo hakuipokea simu. Eti mzee anaona wivu wa funguo, atampigia wageni wakishaondoka. Mama kaniambia mambo ya wakubwa niwaachie wakubwa. Akaendelea kufuta glasi ambayo tayari ilikuwa safi.

Labda kesho asubuhi atabadili nia. Baba mdogo si mtu mbaya. Ni mbishi tu.

Jumamosi, 7 Machi

Hajabadili.

Wageni wamefika. Watu wazima wachache, na mmoja kaja na binti yake mdogo. Mtoto huyo kaniuliza kama huko chini kuna panya. Alisimama kando ya pipa la maonyesho uani, nikaona kimo chake. Wakubwa vichwa vyao vitakuwa juu. Chake kitakuwa palepale mshumaa unapozima.

Nimechukua ufunguo wa ghala. Uko ndani ya soksi yangu. Sijawahi kuiba hata chaki! Nimejifungia chumbani, naandika huku nasikiliza.

Baba mdogo anapekua nyumba nzima. Nasikia akiwatania wageni kwamba nyumba hii hata ufunguo hulewa. Wanacheka. Halafu amekuja mlangoni kwangu, sauti chini kabisa.

"Mwanangu, usiniaibishe leo."

Kisha akarudi kwa wageni.

Baadaye akaja mama. Sikumfungulia. Aliuliza tu kama mshumaa ulizima kweli, au nilisoma tu vitabuni. Nikasema ulizima kila nilipouteremsha. Nikasikia kandambili zake zikienda jikoni.

Sasa nasikia nyundo. Baba mdogo anavunja kufuli. Yule mtoto anahesabu mapigo kwa sauti, anafurahi, anaruka namba.

Nyundo imenyamaza.

Wageni wanapiga makofi. Baba mdogo anawaambia wachukue glasi zao, waangalie ngazi.

Lazima mshumaa uwatangulie. Kinara kipo. Mshumaa upo. Kiberiti — nimekiacha wapi?

Mlango unagongwa. Ni mama. Anasema kiberiti anacho yeye.

Nafungua.