Hotuba Kumi na Moja Kabla ya Shukrani za Nesi Somoe

Mpendwa Shangazi Tatu, shikamoo. Naomba msaada wako, na uniwie radhi, mimi ni mwalimu huku Mpapura, si mtu wa video, ila kwa kuwa nina simu nzuri na mdomo mwepesi wa kusema "nitafanya", kamati imenikabidhi filamu ya kumuaga nesi wetu, Bi Somoe, anayestaafu mwisho wa mwezi baada ya miaka thelathini na moja ya kuzalisha kijiji kizima, nami nimezunguka wiki tatu nikapata vipande arobaini na tatu, kina mama wanaoshukuru, watoto aliowapokea, na Mzee Shaibu aliyemleta mkewe kwa baiskeli kwenye mvua ya masika, akaanza kusimulia akashindwa, akafuta machozi kwa kofia yake. Sasa mwenyekiti wa kamati, Mwalimu Erasto, anasema itifaki izingatiwe, viongozi kwanza kwa vyeo vyao, na Mzee Shaibu nimkate kwa sababu mwanamume mzima kulia ni aibu. Nimepanga hivyo, zimekuja hotuba kumi na moja mfululizo, mama wa kwanza anatokea dakika ya thelathini na nane, na mume wangu Joshua alisinzia kabla diwani hajamaliza. Nimepanga na kupangua mpaka sioni tena kipi kizuri. Naogopa Bi Somoe ataondoka bila kujua tunavyomshukuru. Binti yangu alizaliwa halii, yeye akamhangaikia mpaka akalia, tukampa jina lake, na ndugu zangu wa Njombe hadi leo wanauliza Somoe ni jina gani. Nifanyeje?

Happiness, Mpapura

Marahaba, mwanangu. Asante kwa barua hii, imenifurahisha. Sasa nikukaripie kidogo: unatengeneza filamu au unapanga meza kuu? Joshua hana kosa, hata mimi ningepiga miayo kwenye hotuba ya nne.

Weka simu pembeni. Chana karatasi za daftari, kila kipande kiwe na karatasi yake, zitandaze mkekani uzihamishe kwa mkono. Anza na Bi Somoe akifungua mlango wa zahanati asubuhi. Kama huna, kesho nenda kachukue. Afuate Mzee Shaibu, na ole wako umkate, chozi lile limesema kuliko hotuba zote. Halafu kina mama, halafu watoto, kuanzia wachanga hadi waliokwisha kuota ndevu. Anayerudia ya mwenzake mwondoe, hata kama ni jirani yako. Viongozi wape sentensi mojamoja, katikati. Mwalimu Erasto mwombe awe mshereheshaji, itifaki yake aizingatie ukumbini. Atafurahi, namjua mtu wa aina hiyo, nimeolewa na mmoja. Dakika kumi na tano zinatosha, na ionyeshwe kabla ya pilau.

Lakini Happiness, umenitajia watu wote hao na wewe mwenyewe humo. Wiki tatu unawashukurisha wenzako, umejificha nyuma ya simu! Mpe Joshua ashike. Mpakate binti yako, mwambie ataje jina lake. Hicho kiwe kipande cha mwisho, na usikiwekee muziki.